Wameingia Wagaramante na shayiri

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kukaa kando ya bomba. Lilikuwa bomba refu la chuma, limepakwa nyekundu na nyeupe, ncha moja imefungiwa debe la zege ili mtu mmoja aweze kuliinua kwa mkono. Hapo ndipo mifugo ilipolipiwa ushuru kabla ya kuingia sokoni, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Kenya, zama zile lami ilipokuwa ikikatika ghafla ukishapita kituo cha mwisho cha mafuta, na kuanzia hapo ni vumbi mtindo mmoja hadi Ethiopia. Mjomba ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita Zakayo, miaka mingi kabla jina hilo halijaingia kwenye siasa. Mimi mtoto wa Mombasa. Ngamia niliokuwa nawajua ni wale wa ufukweni, wa kupigia watalii picha.

Kitabu changu kilikuwa na safu sita: tarehe, saa, mnyama, idadi, atokako, kiasi kilicholipwa. Siku za soko nilianza kuandika kabla jua halijachomoza, kurunzi nimeibana kwa kidevu. Walikuja Waborana, Wasomali, Wasamburu, Wagabra, wengine wametembea siku sita. Walileta mbuzi na ngamia, wakarudi na sukari, majani ya chai, unga na betri.

Asubuhi moja mzee mmoja aliyeleta ngamia sita alisimama nyuma ya bega langu akinitazama ninavyoandika.

"Karani, umeandika nini hapo?"

"Ngamia sita, mzee."

"Na mimi je?"

Nikamwonyesha ukurasa. Hapakuwa na safu ya jina. Akacheka, tena bila kinyongo. "Kumbe walioingia mjini ni ngamia. Mimi bado niko nje."

Nilimsahau mzee yule kwa miaka kumi na kitu. Aliyenikumbusha ni askari mmoja wa Kirumi aliyeishi katika karne ya tatu.

Askari huyo alikuwa kwenye kituo kidogo cha ulinzi jangwani, katika nchi tunayoiita leo Libya. Papirasi ilikuwa adimu huko, kwa hiyo aliokota kigae cha mtungi uliovunjika, akachovya kalamu katika wino, akamwandikia mkubwa wake habari za siku. Wameingia Wagaramante, aliandika, wakiswaga punda wanne, pamoja na Wamisri wawili, na barua zako, na mtumwa mtoro. Kigae kingine cha aina hiyo kinasema wameingia Wagaramante wamebeba shayiri, na nyumbu na punda wao wakatajwa. Kwa Kilatini: introierunt Garamantes. Wameingia. Punda wamehesabiwa, wenye punda hawakutajwa majina. Nilipoisoma sentensi ile kwenye nakala iliyochakaa, jioni moja baada ya kazi, nilihisi kurunzi kwenye kidevu changu. Huyu alikuwa karani mwenzangu. Tofauti yetu ilikuwa miaka elfu moja na mia saba na kitu, na yeye alikuwa na upanga.

Ngome aliyoitumikia iliitwa Gholaia. Leo mahali hapo panaitwa Bu Njem, kama kilomita 250 kusini-mashariki ya magofu ya mji wa Lepcis. Kikosi kutoka Lejioni ya Tatu Augusta kilifika hapo tarehe 24 Januari mwaka 201 na kuanza kujenga. Kaizari wakati huo alikuwa Septimius Severus, na si siri kwa nini alilijali eneo lile: alizaliwa Lepcis mwaka 145, kwao kabisa. Wanaakiolojia wa Kifaransa chini ya René Rebuffat walichimba pale kati ya 1967 na 1980, na Robert Marichal akakaa na vile vigae miaka mingi mpaka akatoa maandishi 146 mwaka 1992. Karibu yote ni ya miaka michache tu, kati ya 253 na 259.

Usitarajie mambo makubwa humo. Vigae vingi ni orodha ya kazi: fulani yuko langoni, fulani yuko kwenye bafu, fulani kwenye tanuri la mikate, fulani kwenye mnara wa kuangalia mbali, hawa wanaumwa. Askari wenyewe ni makumi tu, si maelfu wa kwenye sinema. Vingine ni stakabadhi za nafaka zilizoletwa na wenye ngamia, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga, kwa sababu wenye ngamia hao wana majina, na majina yao ni ya Kilibya. Nafaka yenyewe haikupimwa kwa kipimo cha Kirumi peke yake bali kwa vipimo vya kienyeji, sbitualia na siddipia. Mkaguzi wa kutoka Roma asingejua sbitualia ni kitu gani. Ni kama karani wa leo ajaze fomu ya Nairobi kwamba amepokea mahindi pishi kumi na vibaba vitatu.

Kwa hiyo kulikuwa na watu wa jangwani wa aina mbili katika maandishi yale. Aliyeuzia ngome au kuibebea mzigo aliandikwa jina, maana kesho angekuja kudai malipo. Aliyepita tu alihesabiwa pamoja na punda wake. Sidhani kama kulikuwa na dharau humo. Mimi nilikuwa na safu sita na sikumdharau mtu.

Lakini Wagaramante ni akina nani?

Ukiwauliza waandishi wa kale, watakuambia ni majambazi na vioja. Herodotus, katika karne ya tano KK, alisimulia kwamba ng'ombe wao hula majani wakirudi kinyumenyume, kwa sababu pembe zao zimeinamia mbele na wakisonga mbele zingechoma ardhini. Nilimsimulia hayo rafiki yangu mmoja Mgabra. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo Herodotus aliwahi kuchunga hata mbuzi. Plinio naye alilalamika kwamba njia ya kwenda kwao haipitiki, kwa kuwa wanafukia visima kwa mchanga, visima ambavyo, anakiri mwenyewe, havihitaji kuchimbwa kina kirefu mradi unajua viko wapi. Mimi hapo nasoma kitu kingine kabisa. Nasoma mtu aliyeshikilia ufunguo wa nyumba yake, na jirani anayelalamika kwamba mlango umefungwa.

Ukweli ulioibuka kwa majembe ya wanaakiolojia ni kwamba walikuwa wakulima wa mjini. Makao yao makuu, Garama, yalikuwa kwenye bonde moja la Fazzan, kusini mwa Libya ya leo, kama kilomita 500 kusini ya Bu Njem, mahali ambapo mvua ni hadithi ya babu. Walichimba mifereji ya chini kwa chini, mamia yake, kuanzia kwenye maji yaliyo chini ya mwamba hadi mashambani, kila mfereji ukiwa na mlolongo wa mashimo wima ya kushukia mchimbaji na kutolea udongo. Walilima ngano, shayiri, tende na zabibu, na baadaye mtama na pamba. Walikunywa divai na kutumia mafuta yaliyosafirishwa kutoka pwani ndani ya mitungi, na wakubwa wao walizikwa na vyombo vya kioo vya Kirumi. Watu wanaoishi kwa kupora hawachimbi handaki la kilomita nzima ili kumwagilia mtende. Waporaji hawana subira hiyo.

Wala sisemi walikuwa malaika. Mtumwa mtoro yule kwenye kigae ni ushahidi tosha kwamba biashara ya watu ilipita njia hizo hizo, na kwamba wote wawili, ngome na msafara, walikubaliana vizuri tu juu ya nini kifanyike kwa mtu aliyetoroka. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko wote walioandikwa. Alifika wapi kabla hawajamkamata?

Mwaka 19 KK jemadari Cornelius Balbus aliandamana kwa shangwe mjini Roma kwa kuwashinda Wagaramante. Shangwe hizo hazikumaliza kitu. Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 69 BK, na Tacitus amekipa mistari michache tu, kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani. Miji miwili ya pwani, Oea (ndiyo Tripoli ya leo) na Lepcis, iligombana. Ugomvi ulianza na wizi wa mazao na mifugo baina ya wakulima, ukakua mpaka ikawa vita na silaha. Oea walikuwa wachache, wakaona wanazidiwa, wakawaita Wagaramante wawasaidie.

Hebu tulia hapo kidogo. Hawa ni watu wa mjini, wenye uwanja, mahekalu na mabaraza, wanaosema Kipuniki nyumbani na kujifunza Kilatini kwa ajili ya vyeo. Wamekorofishana na watu wa mjini wenzao. Na simu yao ya kwanza, kama ingekuwapo simu, hawaipigi kwa gavana wa Kirumi. Wanaipigia Garama, mwendo wa zaidi ya wiki tatu jangwani. Maana yake walifahamiana tangu zamani. Mtu humwita wa kumsaidia ugomvini yule aliyekwisha kula naye.

Wagaramante walikuja, wakafagia mashamba ya Lepcis, na watu wa Lepcis wakajifungia ndani ya kuta zao wakitetemeka, mpaka vikosi vya Kirumi vilipofika na kuwafukuza wageni. Mali iliyoporwa ilirudishwa, anasema Tacitus, isipokuwa ile iliyokuwa imekwisha kuuzwa kwa watu wa mbali zaidi, kwenye vijiji vya vibanda visivyofikika. Msomi wa Roma aliiona hiyo kama dosari ndogo katika ushindi. Karani wa soko la mifugo anaona soko. Kulikuwa na wanunuzi kule ndani, na mtandao wa kuuza ng'ombe wa wizi kabla askari hajafunga hatamu. Nyie mlio kaskazini mnaujua mtandao huo, madalali wake na bei zake.

Nasema haya kwa sababu ramani za shuleni zilinidanganya. Zinachora mpaka wa dola ya Roma kama mstari mwekundu, ndani kuna ustaarabu na nje hakuna kitu. Huko Tripolitania, yaani nchi ya Lepcis na Oea, hapakuwa na mstari. Palikuwa na ngome tatu kubwa zilizotangulia mbele jangwani, kila moja kwenye visima au chemchemi ya njia yake: Bu Njem upande wa mashariki, Gheriat el-Garbia katikati, na Ghadames magharibi. Baina yao unaweza kutembea siku kumi bila kuona kofia ya chuma. Msafara uliotaka kukwepa ngome uliweza kukwepa, ila ungeyapata wapi maji? Askari hawakuilinda ardhi. Walikaa kisimani, na aliyekuja kunywa wakamwandika.

Huko magharibi zaidi, Zarai, ndani ya Algeria ya leo, limepatikana jiwe la mwaka 202 lenye orodha ya ushuru, na mimi niliisoma kwa jicho la mtu wa kazi. Mtumwa denari moja na nusu, sawasawa na farasi, sawasawa na nyumbu. Kisha nguo, ngozi na kadhalika. Lakini kuna kifungu kimoja kilichonifanya nicheke peke yangu: mifugo inayopelekwa kwenye gulio haitozwi. Warumi hawa, ambao hawakuacha kutoza kitu kinachotembea, waliamua kwamba mfugaji anayekuja mnadani apite bure. Waliogopa asije. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi pale kwenye bomba tulitoza hata mbuzi mwenye kilema, kisha kila mwaka mkutano unaitishwa kujadili kwa nini soko limepungua.

Na sasa niwaeleze habari za akida Iasucthan.

Lango moja la ngome ya Bu Njem lilikuwa limechakaa, likajengwa upya mwaka 222. Aliyesimamia ujenzi alikuwa akida, Marcus Porcius Iasucthan. Majina mawili ya mwanzo ni ya Kirumi kabisa. Lile la tatu ni la Kilibya, jina la watu wa jangwani, la ukoo ule ule wa majina unayoyaona miongoni mwa wenye ngamia kwenye vigae. Iasucthan alikifurahia kibarua chake kiasi cha kukitungia shairi, akalichonga kwenye jiwe, mistari thelathini na kitu. Herufi za mwanzo za mistari, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, zinaleta jina lake na cheo chake.

Wataalamu wa Kilatini wanaona haya kulisoma. Mizani imeyumba, sarufi imevunjika, vitenzi vimekwenda njia yao. Walio wapole husema kwamba Kilatini hakikuwa lugha yake ya nyumbani. Miaka ishirini kabla yake akida mwingine, Avidius Quintianus, alikuwa ameandika shairi kwenye bafu la ngome hiyo hiyo, akiwasifia askari maji yanayopoza mwili katika vilima vile vya mchanga na moto wa upepo wa kusini, nalo ni shairi safi. Naamini Iasucthan alipita mbele ya shairi lile kila mara alipokwenda kuoga, akajiambia kwamba naye anaweza. Mimi nampenda yeye zaidi. Sisi ambao tuliwahi kuandika barua za kazi kwa lugha ya mwingine, tukahesabu maneno makubwa kama mtu anayehesabu vitufe vya suti ya kuazima, tunamjua. Shairi lake linaeleza jinsi askari walivyovuta mawe makubwa kwa kamba, kwa bidii, mpaka lango likasimama. Hakuna ndani yake neno hata moja la kuwatukana watu wa nje. Angewatukana vipi? Wa nje walikuwa shangazi zake.

Miungu nayo haikukaa upande mmoja. Nje ya kuta za Bu Njem palikuwa na hekalu la Jupiter Hammon, yaani mungu mkuu wa Roma aliyevishwa pembe za kondoo za Amoni wa jangwani. Mars, mungu wa vita wa lejioni, pale anaitwa Mars Canapphar, na hilo la pili si jina utakaloliona Roma. Askari anayetumwa mwezi mzima mchangani hachagui sana nani amwombe.

Lakini kuna mtu mmoja aliyeona hapo ndipo penye tatizo. Aliitwa Publicola, tajiri mwenye mashamba Afrika, Mkristo, na mwenye wasiwasi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsoma. Miaka ya mwisho ya karne ya nne alimwandikia Augustino, askofu wa Hippo, barua iliyojaa maswali. Je, ukipita kwenye hekalu ukakuta kisima, maji yake yanyweka? Je, mboga iliyoota kwenye bustani ya sanamu inaliwa? Ungemkuta Publicola leo kwenye kundi la WhatsApp la msikiti au la jumuiya ndogondogo, anatuma sauti ya dakika saba.

Swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nikae wima. Amesikia, anasema, kwamba katika nchi ya Waarzuge, mpakani huko kusini, wenyeji wa nje huja kwa afisa wa mpaka na kumwapia kwa miungu yao. Wakishaapa, afisa anawaandikia barua. Kwa barua ile wenye mashamba na wapangaji wao wanawaajiri kulinda mazao, au wanawapa mizigo waisindikize, na msafiri anayetaka kuvuka nchi yao anapata wa kumwongoza salama. Yaani mlinzi wa shamba dhidi ya watu wa jangwani ni mtu wa jangwani mwenye barua. Wakenya mtaielewa bila maelezo: ile ni barua ya chifu. Bila hiyo hupati kazi ya ulinzi hata kwenye kibanda cha kuchajia simu.

Publicola hakuulizia usalama. Usalama aliuona upo. Alichoulizia ni kama nafaka iliyolindwa kwa kiapo cha mashetani humtia unajisi anayeila. Jibu la Augustino linaonyesha mtu anayejua dunia. Hakukisifia kiapo kile, lakini alisema kwamba kuapa kweli kwa mungu wa uongo si kubaya kama kuapa uongo kwa Mungu wa kweli. Kisha akaongeza kwamba tukikataa amani iliyojengwa juu ya viapo vya watu hao, sijui tutaishi wapi, maana si mpakani tu, ni majimbo yote yanayokaa kwa amani hiyo.

Alikuwa anajua alichokisema, kwa kuwa miaka thelathini hivi kabla yake amani hiyo ilikuwa imevunjwa Lepcis, na walioivunja hawakutoka jangwani.

Ammianus Marcellinus amekihadithia kisa hicho kwa hasira. Walikuwapo watu waitwao Waaustoriani, majirani wa Lepcis, ambao wakati wa amani walizunguka sokoni na mashambani kama watu wengine. Mmoja wao, Stachao, alituhumiwa kwamba anazunguka akiwashawishi watu waisaliti nchi. Akachomwa moto akiwa hai. Ndugu zake hawakunyamaza. Mwaka 363 walivamia mashamba ya Lepcis, siku tatu mfululizo, wakachoma, wakapora, wakamchukua mzee wa baraza aitwaye Silva waliyemkuta shambani na familia yake.

Watu wa Lepcis wakamwita Romanus, kamanda wa majeshi ya Afrika. Alifika na jeshi lake. Walipomwomba aende kuwafuata wavamizi, akasema hatasogea mpaka apewe chakula tele na ngamia elfu nne.

Ngamia 4,000. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi kuliko inavyostahili. Mimi nimehesabu ngamia kwa ajili ya kula. Siku ya soko iliyochangamka kupita zote tulizowahi kuona, hawakufika mia tatu. Na huu ni mji ambao mashamba yake yalikuwa yametoka kuchomwa. Zaidi ya hapo, wenye ngamia walikuwa akina nani? Maoni yangu, na sina jiwe la kuyachonga juu yake: mji ule ungeweza kuwapata ngamia wengi kiasi kile kwa njia moja tu, kuwanunua kwa watu wa kule nje, wakiwamo wale wale waliotakiwa kupigwa vita. Romanus alijua. Alikaa siku arubaini akijifanya anasubiri, kisha akaondoka bila kufanya lolote.

Lepcis wakatuma wajumbe kwa Kaizari Valentinian, wakiwa na sanamu za dhahabu kama zawadi na orodha ya mateso yao mkononi. Romanus naye alikuwa na mtu wake ikulu, jamaa yake aitwaye Remigius, na faili likaanza kuzunguka. Uvamizi wa pili ukaja. Ukaja wa tatu, safari hii hadi kwenye kuta, siku nane, mizabibu na miti ya matunda ikikatwa. Mzee mmoja wa mji, Mychon, alikamatwa nje, akawaponyoka na kujitupa kwenye kisima kikavu. Wakamtoa na ubavu umevunjika, wakampeleka mpaka langoni ili mkewe amwone. Mkewe akamkomboa kwa fedha. Akavutwa juu ya ukuta kwa kamba, akafa baada ya siku mbili.

Mwishowe Kaizari akamtuma mchunguzi, Palladius, ambaye pia alibeba mishahara ya wanajeshi. Wazee wawili wa mji, Erechthius na Aristomenes, walimtembeza kila mahali: hapa palichomwa, hapa walikufa watu. Palladius aliona yote. Lakini maofisa, kwa shauri la Romanus, walikuwa wamekwisha kumkatia fungu nono kutoka kwenye ile mishahara, naye akalipokea. Alipomtishia Romanus kwamba ataandika ukweli, Romanus akamjibu kwamba naye ataandika ukweli wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakaelewana. Ripoti iliyomfikia Kaizari ilisema watu wa Lepcis wanalalamika bure.

Kwa ripoti hiyo liwali Ruricius aliuawa, na wajumbe waliodaiwa kusema uongo wakauawa, na amri ikatoka kwamba Erechthius na Aristomenes wakatwe ndimi. Wawili hao walikimbia, wakajificha miaka mingi. Baadaye karatasi za Romanus zilipokamatwa, barua moja ikafichua mchezo wote, Palladius akajinyonga, Remigius naye akajinyonga, na wale wazee wawili wakatoka mafichoni wakatoa ushahidi kwa ndimi zao zilizosalia.

Sehemu hiyo ya mwisho nimekuwa nikiisimulia kila nikikutana na mtu wa hesabu za serikali. Mtu akisema jangwa ndilo lililoila Lepcis, mwulize habari za zile ngamia elfu nne.

Wakati huo Bu Njem haikuwa na askari tena; ilikuwa imehamwa karibu miaka mia moja kabla, muda mfupi tu baada ya vile vigae vya mwisho vya 259. Lejioni yenyewe ilikuwa imepitia misukosuko: ilivunjwa mwaka 238 kwa kuunga mkono upande usiofaa, ikarudishwa mwaka 253. Mchanga ukapanda kwenye lango la Iasucthan. Kapteni Lyon, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1819 akielekea Fazzan, alichora lango moja la ngome likiwa bado limetokeza juu ya mchanga.

Mwaka juzi nilipita tena ule mji wangu wa bomba, katika safari nyingine. Lami imekwenda mpaka Moyale. Bomba halipo, na pale nilipokuwa nakaa kuna kina mama wanauza maziwa ya ngamia kwenye madumu ya njano. Niliingia ofisini kuulizia vitabu vya zamani, vile vya safu sita, maana kichwani mwangu nilikuwa na wazo la kutafuta tarehe ya yule mzee. Mlinzi, kijana mdogo ambaye nadhani hakuwa amezaliwa wakati ule, alikumbuka. Vingi vililiwa na mchwa, alisema, na vilivyosalia bucha moja ya nyama ya ngamia ilivichukua ikawa inafungia.

Nikamuuliza kama aliwahi kuvisoma.

"Nilisoma siku moja, nilipoletewa nyama," akasema. "Hesabu tu."